Miguu ya Ta Kaijage na Sanduku la Umeme

Siku mkimkuta dresa mzee amemfunga mgonjwa macho kwa kitambaa, huku anamgusa vidole vya miguu kwa kipande cha pamba, msidhani wanacheza. Kaeni kimya. Huenda hapo ndipo inapoamuliwa kama mtu atabaki na mguu wake.

Kazi hiyo ya udresa, kusafisha vidonda na kugawa dawa, niliianza katika zahanati ya Buganguzi, Muleba, miaka michache baada ya Uhuru, na nikastaafu nikiwa hapa mjini Bukoba. Sasa nakaa Kahororo, pembeni mwa mji. Wajukuu ndio walioniomba niwaandikie ninyi mnaoanza kazi za zahanati. Niliwaambia wanipe muda, maana niliishia darasa la nane na mkono wangu ni mzito, herufi moja huisubiri nyingine ifike. Tena nilikuwa kijana mwenye aibu. Niliposimama mlangoni na koti langu jeupe, baadhi ya wagonjwa waliniuliza kama na mimi nimekuja kutibiwa.

Aliyenifundisha kazi ni Mama Skolastika, muuguzi mkubwa wa pale. Alikuwa mnene, mwenye sauti ya chini, na hakuwahi kukimbia hata mvua ikinyesha. Wiki yangu ya kwanza alilifungua daftari la wagonjwa akasoma nilichoandika: "Maumivu ya miguu."

"Huyu mzee alisema maumivu?"

"Alisema anajisikia kama amevaa soksi, na hajavaa."

"Basi andika soksi. Wewe kuandika ni polepole, kwa hiyo una nafasi ya kusikiliza. Wanaoandika haraka huandika ya kwao."

Tangu hapo niliandika maneno ya mgonjwa yalivyotoka. Mmoja alisema siafu wanatembea ndani ya nyayo. Mwingine alisema anakanyaga pamba, mwingine akasema miguu inaungua lakini ukiishika ni ya baridi. Yote hayo ni ugonjwa mmoja, mishipa ya fahamu ya miguu inakufa kidogo kidogo, na wa mwisho kujua ni mwenye miguu. Ndiyo maana ugonjwa huu ulinitia hofu kuliko kichaa cha mbwa. Mguu unaouma unakuita, lakini usiouma unakaa kimya na wewe unashukuru.

Mzee wa soksi ndiye Ta Kaijage (Ta kwetu ni baba, na Ma ni mama), na yeye ndiye ninayetaka mumjue.

Ta Kaijage alikuwa mkanyagaji wa ndizi. Kwa wasiotoka kwetu, rubisi, pombe yetu, hutengenezwa kwa ndizi mbivu. Humenywa na kutiwa ndani ya mtumbwi wa mti pamoja na nyasi zilizokatwa kule rweya, uwanda usiolimwa, kisha wanaume huosha miguu na kuingia kukanyaga mpaka maji yatoke. Kila mwanamume aliweza kukanyaga, lakini si kila mguu uliweza kujua. Nyayo za Ta Kaijage zilijua ndizi ipi bado ngumu, nyasi zimetosha au hazijatosha, na ni wakati gani wa kuacha. Alialikwa mpaka vijiji vya mbali. Watu walisema rubisi aliyoikanyaga yeye haiumizi kichwa. Hilo si kweli, niliwahi kuthibitisha mwenyewe.

Kulikuwa na harusi ya mtoto wa jirani. Wanaume wanne walikuwa ndani ya mtumbwi, wanataniana, Ta Kaijage akiwa katikati. Mmoja akatazama chini akaona povu limekuwa jekundu. Akatoka, na wengine wakatoka. Ta Kaijage akabaki peke yake anaendelea kukanyaga.

"Ta Kaijage, shuka."

"Bado hazijalainika."

"Shuka, waitu, tafadhali. Tazama mguu wako."

Kipande cha chupa kilikuwa kimeingia pamoja na nyasi, na kilikuwa kimezama ndani ya unyayo wake. Yeye hakujua. Ndizi za harusi zilimwagwa zote. Bibi harusi alilia, lakini kilio hicho kilikuwa kidogo kuliko neno lililoanza kupita kijijini kabla ya jioni, neno la ukoma.

Alikuja zahanati siku ya tatu akiwa amevaa mabuti ya mpira. Ndipo aliponiambia habari ya soksi. Mimi kijana, yeye umri wa baba yangu. Kumwambia mzee avue viatu mbele yangu niliona ni kumvunjia heshima, tena kwa habari niliyokwisha kuisikia njiani kama kila mtu. Nikampa vidonge vya maumivu, akashukuru, akaondoka. Hilo ndilo kosa langu la kwanza.

Mama Skolastika alikuwa anaosha mikono nje. Mgonjwa alipompita, akainua pua.

"Dionizi, huyu ulimvua viatu?"

"Ni mzee, Mama."

"Mzee hana miguu?"

Nikatumwa kumkimbilia. Nilimkuta kwenye migomba ya kwanza, nikapiga goti, nikasema Mama anamwita. Sikuthubutu kusema kwa nini.

Kidonda kilikuwa kimeoza. Mama alikisafisha kwanza. Kisha akamfunga macho kwa kanga yake mwenyewe, akanyonyoa pamba kidogo sana, akaisokota iwe kama sharubu ya paka. "Ukiguswa, sema sasa." Akamgusa paja, akasema sasa. Akamgusa goti, sasa. Katikati ya muundi alichelewa kidogo. Kwenye vidole hakusema chochote, akakaa anasubiri kama mtu anayesubiri mgeni aliyekwisha kupita. Baadaye Mama alimkagua ngozi yote akitafuta baka lisilosikia, akapapasa mshipa nyuma ya kiwiko kuona kama umevimba. Ishara za ukoma hakuziona. Ndipo akaniambia nichemshe mkojo wake na ile dawa ya buluu.

Ninyi leo mnachoma kidole na kijidude kinawaambia. Sisi tulitia matone manane ya mkojo katika dawa ya buluu, tukashika kijichupa kwa kibanio juu ya moto wa spiriti, mdomo wake tumeuelekeza ukutani usije ukamrukia mtu. Buluu ikibaki buluu, mtu anakwenda zake. Ikigeuka kijani unaanza kuwa na wasiwasi. Mkojo wa Ta Kaijage ulipita kijani, ukapita njano, ukawa mwekundu kama tofali.

"Ni sukari," alisema Mama.

Ta Kaijage akacheka. "Sukari ipi, mae? Chai nakunywa kavu. Duka la kijiji halijaleta sukari tangu mvua za mwaka jana."

"Yako unaikanyaga mwenyewe, kisha unainywa."

Alimwandikia barua ya kwenda hospitali kupata vidonge vya sukari. Akamwambia rubisi basi. Akamwambia avae viatu hata shambani, na kila jioni kabla jua halijazama mkewe amtazame nyayo, katikati ya vidole pia. Asikanyage tena ndizi. Asisogeze miguu motoni.

"Na miguu itaamka?"

"Sijui. Labda kiasi. Kazi yetu ni isiondoke."

Mimi niliona ni jibu zuri. Lakini nilimwona Ta Kaijage akilipima jibu hilo usoni kwake, na nikajua limekuwa jepesi mno. Alikuwa amepoteza miguu iliyompa jina, na anapewa amri ya kutazamwa nyayo na mkewe. Mtu akiwa na hofu kubwa hutaka dawa yenye ukubwa wa hofu yake. Likumbukeni hilo kabla hamjawacheka watu wanaokwenda kwingine.

Walikwenda kwingine. Mkewe, Ma Paskazia, alimpaka siagi iliyochanganywa na majani. Mama Skolastika alinusa akasema endelea, siagi haijamuua mtu, ila usikande penye kidonda. Mganga mmoja wa kando ya ziwa alitaka mbuzi na ruhusa ya kuchanja nyayo. Hapo Mama alikataa, akamwomba Ma Paskazia amwambie mganga huyo kwanza achanje zake.

Kisha akaja Bwana Umeme. Jina lake halisi sikulijua. Alikuwa mtu wa makamo, mwenye suruali iliyopigwa pasi, aliyekuwa amepanga chumba Bakoba, mtaa wa mjini Bukoba, na kila baada ya majuma kadhaa alipanda basi kuja Muleba na sanduku la mbao. Ndani kulikuwa na mkono wa kuzungusha, sumaku, na waya mbili za shaba. Mgonjwa alitia miguu katika beseni la maji moto yenye chumvi, waya zikatiwa humo, naye akazungusha. Alisema mishipa imelala, na umeme unaiamsha. Bei yake ilikuwa ng'ombe.

Jumapili moja baada ya misa Ma Paskazia alinifuata nje ya kanisa. Nikapiga goti kumwamkia.

"Mwana wange, wewe unakaa na dawa kila siku. Hili sanduku linaamsha miguu kweli?"

Moyoni nilikuwa na jibu. Nilikuwa nimemsikia Mama akisema maji moto na mguu usiosikia ni maadui. Miezi miwili nyuma tulimtibu mwalimu aliyetia miguu katika karai huku anasahihisha madaftari. Alipoitoa, ngozi ilibaki kwenye maji. (Ninyi mjaribu maji kwa kiwiko cha mtu mzima wa afya, si kwa mguu wa mgonjwa, hata akisema hayana moto. Hasa akisema hayana moto.) Lakini Ma Paskazia alikuwa mama wa watu wazima, na nyuma yake walikuwa wamesimama wanawake wengine watatu. Nikainamisha kichwa, nikatazama kamba za viatu vyangu.

Kwetu kijana akiulizwa na mkubwa akainamisha kichwa bila neno, amekubali. Nilikulia katika desturi hiyo na niliijua. Alisema, "Asante, mwana wange," akaenda zake na furaha. Nami nikabaki na aibu yangu nzima, haikupungua hata kidogo.

Juma lile Bihogo, ng'ombe wao mwekundu, aliongozwa kwenda barabarani. Sitaji thamani yake. Nasema tu kwamba kibanja, shamba letu la migomba, hula samadi. Ng'ombe akiondoka, migomba hujua kabla ya mwaka kwisha.

Na hili lazima niliseme kwa haki. Baada ya siku ya kwanza Ta Kaijage alikuja zahanati akitembea kama kijana. "Imeamka, dresa. Umeme ulipiga mpaka magotini." Mama alimfunga macho akamgusa. Siku hiyo alijibu upesi upesi, sasa, sasa, na mara nyingine alipatia. Jioni aliniambia, "Umeme unapiga nyama za muundi, na muundi wake bado unasikia. Anachosikia ni kweli. Tatizo ni mahali, si kwenye nyayo."

Kila nilipomwona mtu wa Buganguzi njiani nilidhani ananiletea habari ya mguu. Aliyeileta alikuwa balozi wa nyumba kumi, alipokuja kufungwa kidole. Alisema Alhamisi ataandikisha karatasi kwa Ta Kaijage. Bwana Umeme amesema mishipa imeamka lakini itarudi kulala asipomalizia, na bei ya kumalizia ni ile sehemu ya kibanja iliyo karibu na barabara. Siku zile serikali ilisema ardhi ni ya taifa, haiuzwi. Watu waliandikishana migomba na mibuni iliyo juu yake, na ardhi ikaifuata kimya kimya.

Sehemu hiyo niliijua. Baba yake Ta Kaijage alizikwa humo.

"Mama, utakwenda kuwaambia?" niliuliza.

"Mimi walikwisha kunisikia. Wewe ndiye hawajakusikia." Akarudi kwenye sindano zake zilizokuwa zinachemka. "Na nasikia wewe ndiye uliyekubali."

Sikujua aliipata wapi. Nadhani kwa mmoja wa wale wanawake watatu.

Alhamisi nilitia pamba katika mfuko wa shati. Njiani nilijaribu maneno kwa sauti, nikapitwa na mtu mwenye baiskeli aliyeniuliza nasali rozari ipi. Nilipofika, beseni lilikuwa tayari uani, maji yanatoa mvuke. Ta Kaijage alikuwa kwenye kiti, suruali imekunjwa. Balozi alikuwa na karatasi magotini, na Ma Paskazia amekaa mkekani. Nikapiga goti, nikaamkia wote.

"Umeleta nini, dresa?" aliuliza Ta Kaijage.

"Tata, naomba nikupime. Kabla hujatia sahihi."

Bwana Umeme akatabasamu. "Apime. Mimi siogopi vijana. Miguu yenyewe itasema."

Wengi walipoisimulia habari hii baadaye walimfanya mwizi. Mimi sijui. Alikubali kupimwa, na mwizi hakubali. Nafikiri aliliamini sanduku lake.

Nilimwomba Ma Paskazia kitambaa cha kichwa, nikamfunga mumewe macho. Nikanyonyoa pamba. Nilimgusa goti. "Sasa." Nikamgusa chini ya goti. "Sasa." Nikaenda kwenye kidole gumba. Kimya. Nikagusa tena. Kimya. Ua mzima ulikuwa unatazama ncha ya pamba. Nilisikia huruma kwa mzee yule, nikaacha, nikaurudisha mkono na pamba mfukoni nikitafuta la kusema.

"Sasa," alisema Ta Kaijage. Kisha kwa furaha, "Sasa. Kidole gumba. Umegusa kidole gumba."

Mkono wangu ulikuwa mfukoni.

Kuku walikuwa wanaparua maganda ya kahawa, na tuliwasikia wote. Ta Kaijage akageuza kichwa huku na huku ndani ya giza la kitambaa. "Siyo?" aliuliza. "Paskazia, siyo?"

Ma Paskazia akainuka, akamfungua macho. Akaniona nilivyokaa, mkono mfukoni. Mzee akautazama mkono huo, akaelewa, na uso wake ukazeeka hapo hapo. Mkewe aliinama kwenye beseni, akatia kiwiko kwenye maji, akakitoa upesi. Akalimwaga lote kwenye mgomba.

Balozi alikunja karatasi akaitia katika koti. Bwana Umeme alifunga sanduku lake polepole, akasema labda waya zimechakaa. Hakurudi Buganguzi. Bihogo naye hakurudi.

Nilitaka kuondoka, Ta Kaijage akanizuia.

"Mbona siku ile kanisani hukusema?"

Nikainamisha kichwa. Kisha nikakumbuka maana yake, nikakiinua. "Niliona aibu, tata. Nilikosa."

"Aibu yako imekula ng'ombe wangu," alisema. Hakusema kwa hasira. Ingekuwa hasira ningeisahau.

Nilimkagua miguu pale pale. Kwenye mguu wa kushoto, chini ya vidole viwili vya mwisho, kulikuwa na malengelenge ya maji moto ya juma lililotangulia, yamepasuka, na hakuna aliyejua. Wakati wa umeme waliacha kutazama nyayo jioni, maana waliambiwa wamepona. Hospitali vidole hivyo viwili vilikatwa. Mguu ulibaki. Kibanja kilibaki, na kaburi ndani yake. Aliishi miaka mingi. Katika harusi alikaa kwenye kiti kando ya mtumbwi akiwa na mabuti yake, akiwaelekeza vijana wakanyage wapi, akiwatukana nyayo zao kwamba ni za bata.

Basi mtu akija na dawa ya gharama, chupa, mashine au mafuta, msimcheke na msikimbilie kumkataza. Mwulizeni kama inachoma, inakata au inapasha moto, maana hiyo itaudhuru mguu usiosikia. Ulizeni kama inamwambia aache vidonge vyake vya sukari, au aache kutazama nyayo. Ulizeni akiilipia, nyumbani watakula nini. Kisha mpimeni kabla, mpimeni baada, macho yakiwa yamefungwa. Na mkiwa na jibu, lisemeni kwa mdomo. Kichwa kikiinama kila mtu hukisoma anavyotaka.

Nimeandika hivi kwa majuma matatu, na si kwa sababu ya mkono tu. Tangu kipupwe kilichopita, nikivua viatu naona kama bado nimevivaa. Mwanangu ameniletea chupa kutoka mjini, ina picha ya mguu unaong'aa, na anasema kuna mtu ana mashine inayotetemesha, siku kumi tu. Bei amemnong'oneza mama yake, mimi hakuniambia. Anaogopa, na anataka kitu chenye ukubwa wa hofu yake. Namwelewa. Mimi mwenyewe nimeishika chupa ile mara kadhaa, nikaisoma herufi moja moja.

Jana alasiri nilimwita mke wangu, Adventina, nikampa pamba na kumwonyesha namna ya kuisokota. Nikajifunga macho mwenyewe. Aligusa goti, nikasema sasa. Muundi, nikasema sasa. Nikasubiri. Nikausikia mguso, mwepesi kabisa, kwenye kidole gumba cha kulia.

"Sasa," nilisema.

Nilivua kitambaa. Adventina alikuwa ameketi, mikono yote miwili iko mapajani, na pamba imelala kwenye kanga yake.

Kesho asubuhi naenda zahanati. Nitavua viatu kabla kijana wa pale hajaona aibu kuniambia.